Opareta wa Garissa na Tangazo la Simu

Watu wa Garissa wakisikia namtaja, watauliza kwanza ni binti wa nani na wa ukoo gani. Majibu ninayo, lakini sitayaweka hapa. Kwangu alikuwa Opareta, kama alivyokuwa kwa mji mzima, ingawa wengi pale walitamka Obareta, maana Kisomali hakina sauti ya p, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka hivyo. Mimi nilimwita Eedo, yaani shangazi, kwa kuwa ndivyo nilivyowasikia wanafunzi wangu wakiwaita wanawake wa umri wake. Yeye aliniita Mwalimu, hata baada ya mimi kuacha ualimu.

Nilifika Garissa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwalimu wa Kiswahili kutoka Taita, nikiwa na barua ya kupangiwa kazi niliyoisoma mara nyingi njiani nikitumaini nitakuta imeandikwa jina la mji mwingine. Wakati huo simu ya mbali haikupigwa, iliombwa. Ulikwenda posta, ukataja namba unayoitaka, ukakaa kwenye benchi. Nyuma ya kioo alikaa Opareta, vipokea sauti vimevaliwa juu ya mtandio, mbele yake ubao wenye matundu na nyaya zenye ncha za shaba. Laini ikipatikana aliita jina lako na namba ya kibanda. Ukishika mkono wa simu ulimsikia akisema maneno yaleyale aliyomwambia kila mtu, awe karani wa mkuu wa wilaya au mama muuza maziwa: "Ongea. Mko wawili tu." Kisha alivua vile vipokea sauti na kuviweka mezani, mahali ambapo wewe mwenyewe ungeviona kupitia kioo, akageuka kutazama saa ya ukutani.

Mji mzima ulipitia mikononi mwake. Mahari zilijadiliwa kwake, malori ya mbuzi yaliitwa kwake, na vijana waliokwenda Nairobi na kunyamaza walitafutwa kupitia kwake. Kwenye arusi wanawake walimzunguka na kumnong'oneza, wakitaka kujua fulani alisema nini na kaka yake wa Wajir. Jibu lake lilikuwa moja.

"Mimi nasikia tuu, tuu, tuu. Hiyo tu."

Kulikuwa na jambo moja lililowaudhi watu kabla hawajamzoea. Hakujua sura. Aliweza kukupita sokoni bega kwa bega bila salamu, nawe umesimama umenyoosha mkono. Lakini ukifungua mdomo tu, hata kwa kukohoa, aligeuka na kutaja jina lako, la mama yako na la mji unaoupigia. Niliwahi kumfuata kimya kutoka duka la nguo hadi msikitini nikijaribu kuona kama atanitambua. Nilipocheka tu, alisema bila kugeuka, "Mwalimu, huna kazi leo?"

Alikuwa mkali kwa wakubwa. Siku moja afisa mmoja aligonga kaunta kwa funguo za gari akitaka kupita mbele ya mfugaji aliyetoka Ijara na kungoja tangu asubuhi. Opareta alimwacha agonge. Afisa alipochoka, alimwambia taratibu, "Sasa umemaliza? Kaa. Huyu mzee, alafu wewe." Muda si mrefu akaingia mama mwenye madebe ya maziwa ya ngamia, naye akapitishwa mbele ya wote wawili. Afisa akalalamika.

"Hii maziwa itaharibika," Opareta akamjibu. "Wewe hutaharibika."

Benchi zima lilicheka, na afisa naye, mwishowe.

Mimi nilikwenda kila Jumamosi kumpigia mama yangu, ambaye aliingojea simu kwenye posta ya kwetu Taita. Tulikuwa na dakika tatu. Katika miezi ya kwanza sidhani kama tuliwahi kumaliza salamu. Habari za nyumbani, habari za mvua, ng'ombe hajambo, jirani hajambo, halafu laini imekatwa. Jumamosi moja nilipokuwa natoka, Opareta alinigongea kioo.

"Mwalimu. Watu wakitoka kwa kibanda wanatoka na uso ingine. Wewe kila siku unatoka na ile ile umeingia nayo."

Nikarudi hadi kwenye kioo chake.

"Kuna kitu imekuleta hapa," akasema. "Hiyo kitu, sema kwanza. Salamu itakuja nyuma."

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama yangu, kabla hata hajanisalimu, kwamba nilikuwa mpweke kiasi cha kutaka kuacha kazi. Naye akaniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia ana kwa ana, namna alivyolia mwaka mzima alipoolewa mbali na kwao. Nilitoka kibandani nikijifuta macho kwa mkono wa shati. Opareta alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Nilipoitazama nami, niligundua alikuwa ametuacha dakika tano.

Sikuacha kazi. Nilikaa Garissa miaka mingine minne, na hiyo ni shukrani yangu ya kwanza kwake.

Ya pili ni ya siku baba yangu alipofariki. Opareta alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote cha kazi. Habari ya msiba hakuipitisha kwa mtu aliye peke yake. Kaka yangu alipopiga simu shuleni kwetu kupitia kwake, Opareta alimwuliza ni habari ya aina gani, na alipojua, alimwambia angoje. Akamwita mwalimu mkuu kwanza. Nakumbuka mwalimu mkuu akiingia darasani, akiniomba tutembee hadi ofisini, akinivutia kiti, naye akakaa kando yangu mkono wake ukiwa mgongoni mwangu. Simu ikalia. Nilisikia sauti ya Opareta ikiuliza, "Mwalimu, umekaa? Kuna mtu na wewe?" Nilipojibu ndiyo, akaniunganisha. Nilikuwa nimekwisha kujua kabla kaka yangu hajasema neno, lakini nilijua nikiwa nimekaa, na kuna mkono mgongoni.

Sitaki kumfanya malaika, kwa sababu angenicheka. Alidanganya. Yule aliyeapa kwamba hasikilizi, alizijua hasira za watu hata kabla hawajafika kaunta, na alijipa ruhusa ya kuziamulia. Mwanamume mmoja aliingia siku moja akifoka, akitaka aunganishwe na mkewe aliyekuwa kwa wazazi wake huko Hadado, Wajir, ampe talaka kwa simu. Alilitangaza mbele ya benchi zima.

"Laini ya Wajir imekatika," Opareta akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Alimwambia arudi kesho. Kesho yake alirudi, amenyoa ndevu vizuri, na simu aliyoiomba ilikuwa ya kuuliza kama kikohozi cha mtoto kimepungua. Laini ya Wajir ilikuwa imepona.

Lakini mara nyingine alikosea, na vibaya. Wafanyabiashara wawili wa ng'ombe waliokuwa wamekosana, mmoja akiwa Ijara, walitaka kuzungumza, naye akadhani wanataka kutukanana, akaziacha simu zao zingoje mpaka jioni. Kumbe walitaka kupatana ili wamuuzie mnunuzi mmoja ng'ombe wao pamoja. Jioni lori la mnunuzi lilikuwa limeondoka, na kila mmoja aliamini mwenzake amemkwepa. Opareta alipojua, alingoja siku ya soko ambayo wote wawili wangekuwapo, akauacha ubao wake saa ya chakula, akatembea juani hadi soko la mifugo, akasimama kati ya wanaume wale wote, akasema ni yeye. Mwanamke kusimama pale na kusema vile halikuwa jambo dogo. Wale wawili walipatana hapohapo, ingawa lori halikurudi. Aliniambia kwamba tangu siku ile hajawahi tena kukata laini isiyokatika. Nilimwamini nusu.

Baada ya miaka hiyo nilihamia Nairobi. Kampuni moja ya matangazo ilitafuta mtu wa kuandika Kiswahili kisichonuka tafsiri, nami nikapata kazi. Tangazo la televisheni lilikuwa la sekunde thelathini, na wenzangu walishangaa jinsi nilivyozizoea upesi. Sikuwaambia kwamba kuna mtu alinifundisha kusema kwanza kile kilichonileta.

Kisha shirika la simu likatuletea kazi. Mitambo mipya ilikuwa inafika miji ya kaskazini mashariki, mtu ataweza kupiga mwenyewe bila kupitia kwa opareta, na walitaka tangazo la televisheni. Walitaka lichekeshe. Niliandika. Mteja anasinzia kwenye benchi. Opareta mwanamke mzee anasinzia kuliko yeye, anaamka, anachomeka waya pasipostahili, na mteja badala ya mkewe anamsikia mbuzi. Halafu maandishi: Sasa piga mwenyewe. Kwaheri, opareta!

Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka. Sitajitetea. Nilijua nimetoa wapi lile benchi na zile nyaya, nikajiambia ni kazi tu.

"Tukapigie picha Garissa kwenyewe," akasema afisa wa shirika, akijifuta machozi ya kicheko. "Ubao wa zamani bado upo, na mtambo mpya unafunguliwa karibuni."

Sikucheka tena.

Tulifika katika joto lile linalowafanya hata mbuzi wasimame kwenye kivuli cha nguzo. Tulikuwa mimi, mwongozaji, mpiga picha, yule afisa, na mwigizaji kutoka Nairobi aliyebeba nywele za bandia za mvi ndani ya mfuko. Opareta aliombwa amwonyeshe mwigizaji namna ya kuchomeka nyaya. Alifurahi kuniona, au tuseme kunisikia. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akauliza mama yangu hajambo, kisha akaniomba aone karatasi tuliyokuwa tukiishika wote.

"Leta nisome, Mwalimu. Wewe ndio umeandika?"

Nilimpa. Ningeweza kutafuta kisingizio, lakini nilimpa. Alisoma polepole kidole kikifuata mistari. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena.

"Hii mwanamke analala, ni mimi?"

"Hapana, Eedo. Ni mtu wa kubuni tu."

"Hadithi ni yako," akasema. "Lakini kiti ni yangu."

Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hii kwaheri. Ni kwaheri ya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimgeukia yule afisa, naye akatazama viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alijua kwamba kuna mashine mpya inakuja. Alidhani inakuja kumsaidia. Habari kwamba kiti chake kinaondoka aliipata kwenye karatasi yangu ya kuchekesha, amesimama, mbele ya wageni, hakuna mtu kando yake. Na mimi, ambaye alinitafutia kiti na mkono wa mgongoni siku yangu ilipofika, ndiye niliyemletea.

Niliwaomba wote watoke. Nikavuta kiti, nikamwomba akae, nami nikakaa kando yake. Sikuthubutu kumgusa, kwa heshima. Nilisema tu, "Bole, Eedo," kama ambavyo yeye angesema, na sijui kwa nini lilitoka hivyo. Alitabasamu kidogo kwa kusikia ile b.

Kwenye ubao kitufe kimoja kikaanguka, ishara kwamba kuna mtu anaomba laini. Akainuka akamhudumia. Kingine kikaanguka. Akahudumia watu watatu, mmoja wao wa Eldas, kaskazini kule Wajir. Sauti ya Opareta ilikuwa ileile, hakuna aliyejua. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hawa watu wa Eldas watajuaje kubiga? Kuna mama hajui namba hata moja. Mimi nikiondoka, nani atamwambia aanze na sifuri?"

"Sijui, Eedo."

"Basi andika hiyo. Wacha mbuzi."

Niliandika alasiri ile, kwenye meza ya barua, wenzangu wakiwa wamelala hotelini kwa joto. Yeye alisema, mimi nikaandika. Hakuna mtu anayesinzia. Mkono wa opareta unachomoa waya wa mwisho, na sauti yake inamfundisha mtu asiyeonekana: anza na sifuri, ngoja, usiogope huo mlio, sasa endelea. Halafu: Kuanzia leo utapiga mwenyewe. Ongea, mko wawili tu.

Afisa alilikataa. Alisema halichekeshi, na mama huyu hasemi *piga*, anasema *biga*, Nairobi nzima itamcheka. Nilimwambia kwamba lile la kwanza silitambui tena kuwa ni langu, na kama anataka liandikwe jingine atafute mwandishi mwingine. Nilisema hivyo nikiwa na miezi michache tu kazini. Aliyetuokoa ni mwongozaji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alikwenda akakaa nyuma ya kioo robo saa nzima, akimsikiliza Opareta akiunganisha watu, akarudi akasema, "Nitapiga hili." Mwigizaji akarudisha nywele zake mfukoni, na namshukuru kwamba alifanya hivyo bila kununa.

Opareta alikuwa na sharti. "Sura hapana. Mkono na sauti, sawa."

Tulipiga mara tano. Si kwamba alikosea. Kila tulipokuwa katikati, kitufe kilianguka ubaoni, naye aliiacha kamera na kumhudumia mteja wa kweli. Mwongozaji alisema "Kata" mpaka akachoka, akaacha mashine izunguke. Kipande kilichofaa ndicho kile ambacho, sekunde moja baadaye, unamsikia akimwambia mtu wa Mandera asubiri kidogo, anatengeneza sinema.

Kanda ya kwanza niliileta mwenyewe Garissa. Tuliionyesha katika hoteli yenye televisheni na video, watu wakajaa hadi mlangoni. Sauti ya Opareta ilipotoka, kelele zote zilikoma. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai aliitikia, "Haye, haye," kana kwamba anaunganishwa. Wanawake walipiga vigelegele. Yeye alikaa nyuma kabisa, mtandio umevutwa hadi machoni, akauliza tu kama ile sifuri ilisikika vizuri.

Nchi nzima haikumsikia. Tangazo lilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mkono ulikuwa wake, lakini sauti walikuwa wameiondoa na kuweka ya mwanamke mwingine, nyororo, ya mjini. Hawakuniuliza. Nilimpigia siku hiyohiyo, katika wiki zake za mwisho kwenye ubao, nikiwa na hasira.

"Namba zinaeleweka?" akaniuliza.

"Zinaeleweka, Eedo, lakini wamekutoa."

"Kama zinaeleweka, basi. Mwalimu, watu wanangoja laini."

Ubao ulipoondolewa walimweka kuuza stempu kwa muda, kisha akastaafishwa. Niliambiwa kwamba kila asubuhi alikuwa akienda kusimama penye vibanda vipya vya simu nje ya posta, akiwashika vidole wanawake waliotoka machungani na ngamia zao na kuwaonyesha mahali pa kubonyeza: ya juu kushoto, ya katikati, ya chini peke yake. Hakuna aliyemtuma. Alifanya hivyo hadi alipoona wanawake wale wanafundishana wenyewe, ndipo akabaki nyumbani.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Nilikwenda na mama yangu. Wazo lilikuwa lake. Alisema kuna mtu aliyekuwa akimsalimu kila Jumamosi kwa miaka, akimwambia "Ngoja mama, mtoto anakuja," na hajawahi kumwona, na yeye anazeeka. Tulishinda njiani siku mbili. Alibeba ndizi za kwetu kwenye kikapu, akawa anawakemea makondakta wanaotaka kukiweka juu ya basi.

Opareta alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwake, anachambua mchele. Alitutazama tukiingia langoni kwa ile sura yake ya kutomjua mtu. Mimi nikanyamaza makusudi. Mama yangu akasema, "Hodi hapa."

Sinia la mchele likashuka chini. "Mama Taita," Opareta akasema, akisimama kwa shida ya magoti. "Mama Taita. Umekuja na miguu yako."

Walishikana mikono, wakakaa. Hapo niliona jambo ambalo sikulitarajia. Mama yangu hakuwahi kuzungumza na Opareta isipokuwa kwa kupaza sauti, kwa sababu laini ya kutoka Taita hadi Garissa ilikuwa mbovu, na hakujua namna nyingine ya kuzungumza naye. Basi akaanza kupiga kelele. "HABARI YA SIKU NYINGI!" Na Opareta, aliyemjua mama yangu kwa namna hiyohiyo tu, akapiga kelele naye. "NZURI, MAMA! NG'OMBE YAKO IMEZAA?" Walikaa mkeka mmoja, magoti yakigusana, wakiulizana hali kana kwamba kati yao kuna nyika nzima.

Jirani, mwanamke mmoja mwenye unga mikononi, alichungulia langoni kwa wasiwasi.

"Kuna ugomvi?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Wanasalimiana."